Walinzi Tunaowaua Bustanini

Mkulima wa mboga wa leo akiulizwa anapambanaje na wadudu, jambo la kwanza atakalotaja ni dawa. Atakwambia ananunua ipi, anaichanganya na nini, anaipiga kila baada ya siku ngapi. Ni nadra kumsikia akimtaja buibui, vunjajungu, nyigu, au yule mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari kwenye sukuma wiki. Si wa kulaumiwa. Kwa zaidi ya miaka 50, mafunzo aliyopewa, matangazo yaliyobandikwa dukani na ushauri wa jirani vyote vimemwelekeza kwenye bomba la dawa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga Kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kuwa viuawadudu vilikuwa asilimia 59 ya viuatilifu walivyotumia, na zaidi ya nusu ya wakulima hao walisema matumizi yao yanaongezeka. Tukikumbuka yaliyolipata zao la kabichi, la nyanya na la muhogo katika kipindi hicho, tunaona somo moja likijirudia kila mahali. Kuwadhibiti wadudu kwa kutumia maadui wao wa asili kunategemea kwanza kile ambacho mkulima ameacha kukifanya. Nyigu bora kuliko wote akiletwa kwenye bustani inayopigwa sumu kila wiki hatafika mbali, na nyigu wa kawaida kabisa atafanya kazi kubwa mahali alipoachwa aishi.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye kabichi. Adui wake mkubwa duniani ni nondo mdogo aitwaye kitaalamu Plutella xylostella. Jike lake hutaga mayai zaidi ya mia, na penye joto kizazi kimoja hukamilika kwa wiki mbili hadi tatu. Kiwavi hula upande wa chini wa jani na kuacha ngozi nyembamba ya juu, jani likabaki na vidirisha. Katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, nondo huyu alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuwa sugu kwa DDT. Miaka 40 baadaye, huko Hawaii, akawa wa kwanza kuripotiwa shambani kuwa sugu hata kwa dawa inayotokana na bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo wengi hutumia kifupi chake, Bt. Lakini Java inatufundisha jambo jingine zaidi ya usugu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 aliletwa kisiwani humo nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, kutoka New Zealand. Kazi yake ni kutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo huyo. Kiwavi huendelea kula kwa muda, hujisokotea kifukofuko chake kama kawaida, lakini anayetoka humo ni nyigu. Kwa miaka mingi nyigu huyo alionekana hana faida Java. Kabichi ilikuwa ikipigwa dawa kali mfululizo, naye akafa pamoja na wale aliotumwa kuwapunguza. Thamani yake ilianza kuonekana dawa hizo zilipopunguzwa na Bt kushika nafasi yake, kwa kuwa Bt humuua kiwavi anayekula jani na kumwacha nyigu salama.

Afrika Mashariki ilipata nafasi ya kujifunza jambo hilo hilo nusu karne baadaye. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Nairobi, kilimleta Diadegma kutoka Taiwan, alikokuwa akifugwa kwenye kituo cha dunia cha utafiti wa mboga. Julai 2002 aliachiliwa Werugha, kwenye Milima ya Taita, na Septemba mwaka huo akaachiliwa Tharuni, Kenya ya kati. Kabla ya hapo, viwavi waliokuwa wakishambuliwa na nyigu wa kienyeji pale Werugha hawakufika asilimia 15. Kufikia mwaka wa tatu walikuwa zaidi ya nusu, na idadi ya viwavi kwenye kila mche ilikuwa imeshuka sana. Hakuna mkulima aliyemfuga nyigu huyo, aliyemlisha wala aliyemlipa; kizazi kimoja kilizaa kingine, akaenea mwenyewe. Mipaka yake pia ilijulikana mapema. Diadegma hupenda ubaridi wa milimani na hudhoofika kwenye joto la mabondeni, ndiyo maana kwa maeneo ya chini aliletwa nyigu mwingine kutoka Afrika Kusini, Cotesia vestalis. Udhibiti wa namna hii hautoi jibu moja kwa nchi nzima. Unamdai mtaalamu ajue mwinuko, joto na zao la kila mahali, jambo ambalo dawa ya dukani haimdai mtu yeyote.

Muhogo unatoa ushahidi wa pili, nao unahusu mboga pia, kwani kisamvu, au sombe kama wanavyosema ndugu zetu wa Kongo, ni kitoweo cha mamilioni ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, alizuka pande zote mbili za mto Kongo. Akavidumaza vichipukizi, akapukutisha majani, na mahali pengine akapunguza mavuno ya mizizi kwa hadi asilimia 80. Kwa miaka kadhaa watafiti walimtafuta adui wake huko Amerika, muhogo ulikotoka, mpaka mwaka 1981 walipomkuta kidung'ata mwenyewe nchini Paraguay, pamoja na nyigu anayemshambulia, Anagyrus lopezi. Mradi huo uliongozwa na Mswisi Hans Herren katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, Nigeria. Nyigu alianza kuachiliwa mwaka huo huo wa 1981, na katika muda wa takriban miaka kumi alikuwa amekaa katika zaidi ya nchi 20 za Afrika. Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkuu wa icipe. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa nyigu. Mimi nakisoma pia kama ushindi wa shamba lisilopigwa dawa. Muhogo ulikuwa zao la watu wa kipato cha chini, na karibu hakuna aliyekuwa na fedha wala haja ya kuupulizia sumu. Nyigu alipofika alikuta makao salama kutoka pwani moja ya bara hadi nyingine. Pale alipozidiwa, mara nyingi palikuwa kwenye udongo wa kichanga uliochoka na usio na matandazo, ambako mmea wenyewe ulikuwa dhaifu. Ukiziweka kabichi ya Java na muhogo wa Afrika pamoja, hoja inasimama: nyigu wa aina mbili, kazi ya namna moja, na tofauti kubwa ilikuwa bomba.

Sababu za tofauti hiyo zinaeleweka. Mdudu mharibifu ameishi karne nyingi akila majani ambayo mengi yana sumu zake za asili, kwa hiyo mwili wake una uwezo wa kuvunjavunja sumu. Nyigu na buibui hawana uzoefu huo kwa kiasi hicho hicho. Mharibifu hujificha chini ya jani, ndani ya kichwa cha kabichi au ndani ya tunda, ilhali adui yake hutembea jani hadi jani akimtafuta, na hivyo hugusa dawa nyingi zaidi. Zaidi ya hayo, wale waharibifu wachache waliosalia hupata chakula papo hapo, lakini adui yao hawezi kurudi kwa wingi mpaka mawindo yawe mengi tena. Katika nafasi hiyo ya kati mkulima huona wadudu wamerudi kwa kishindo, hudhani dawa ilikuwa kidogo, huongeza kipimo. Utitiri mwekundu kwenye nyanya ni mfano unaojulikana: dawa za jamii ya pareto za kutengenezwa viwandani zikitumiwa kuua viwavi huwaangamiza utitiri wawindaji, kisha utitiri mwekundu, ambao hapo mwanzo haukuwa tatizo, hufunika shamba kwa utando. Indonesia iliyaona hayo kwenye mpunga kwa kiwango cha taifa. Mwaka 1986 serikali yake ilipiga marufuku matumizi ya dawa 57 kwenye zao hilo, baada ya kutambua kwamba milipuko ya panzimajani wa mpunga ilichochewa na dawa zilizokuwa zikiwaua buibui na wawindaji wengine. Anayepiga dawa kwa kalenda bila kukagua shamba ni sawa na mwenye nyumba aliyewafukuza walinzi wake wote kwa sababu mwizi mmoja alipita usiku.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni matamu kwa asiye na deni. Mkulima aliyekopa mbegu na mbolea hawezi kumsubiri nyigu azaane huku kabichi zikitobolewa, na mnunuzi sokoni hataki jani lenye tundu. Pingamizi hili lina uzito, na watetezi wengi wa maadui wa asili hulipita haraka mno. Hasara ya kusubiri humwangukia mtu mmoja, lakini faida hugawanywa na kijiji kizima. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kupima. Kwanza, si kila tundu ni hasara. Kabichi ambayo haijaanza kufunga inaweza kupoteza sehemu ya majani yake ya nje na bado ikafunga kichwa kizuri, kwa sababu majani hayo hayauzwi. Wiki hizo za mwanzo ndizo ambazo maadui wa asili hujijenga, na ndizo ambazo wakulima wengi hupiga dawa kwa hofu tu. Pili, soko lenyewe limeanza kuadhibu upande wa pili. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage machanga na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya masalia ya viuatilifu, na wakulima wadogo wengi walijikuta nje ya biashara hiyo. Kwa upande mwingine, mashamba ya maua ya Naivasha, ambayo hayana subira ya bure na huhesabu kila shilingi, hutumia utitiri mwindaji Phytoseiulus persimilis dhidi ya utitiri mwekundu. Jambo linaloweza kutegemewa na biashara kubwa namna hiyo haliwezi kuitwa ndoto ya watafiti.

Wengine watauliza kuhusu kantangaze, Tuta absoluta. Huyu alitoka Amerika Kusini, akafika Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania akiacha mashamba ya nyanya yakiwa kama yaliyounguzwa moto. Je, mkulima angeachaje dawa mbele ya mgeni ambaye hapa hakuwa na adui wa kumtosha? Jibu la kweli ni kwamba asingeweza kuacha yote. Lakini kantangaze ndiye anayeonyesha wazi zaidi udhaifu wa bomba, kwa kuwa kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa nyingi haziingii, na alikuja akiwa tayari na historia ya usugu kwa dawa kadhaa. Kilichosaidia ni mchanganyiko: mitego yenye harufu ya jike inayonasa madume, kuondoa na kuzika mabaki ya nyanya, nyavu kwenye kitalu, na kuvu aina ya Metarhizium wanaowaua wadudu hawa. Mwaka 2017 icipe ilimleta kutoka Peru nyigu Dolichogenidea gelechiidivoris, anayemshambulia kiwavi huyu, na tangu hapo ameachiliwa Kenya na Uganda. Hata kabla ya nyigu huyo kuja, wawindaji wa kienyeji, kama kunguni mdogo Nesidiocoris tenuis, walikuwa wameshaanza kula mayai ya kantangaze. Kila dawa pana, yaani inayoua wadudu wa aina nyingi, iliyopigwa wakati huo iliua pia msaada huo mdogo uliokuwa ukijitokeza bila kuitwa.

Lipo pia shaka la kuleta viumbe wa kigeni, na halina budi kujibiwa kwa heshima. Watu hukumbuka chura wa Australia, aliyepelekwa huko mwaka 1935 ili ale mbawakawa wa miwa. Mbawakawa hakuwapunguza, akageuka yeye kuwa balaa la nchi. Kosa hilo lilikuwa la kumchagua mnyama anayekula karibu kila kinachoingia mdomoni. Nyigu waliotajwa hapa wako mbali na hali hiyo. Anagyrus lopezi huishi kwa kidung'ata, Diadegma semiclausum kwa kiwavi wa kabichi. Windo likipungua nao hupungua. Tangu miaka ya 1990 upo pia utaratibu wa kimataifa unaosimamiwa kupitia FAO, unaotaka kiumbe awekwe karantini na kupimwa kama atashambulia wengine kabla ya kuachiliwa. Taratibu hizo hufanya kazi kuwa ndefu na ya gharama, na ni vyema iwe hivyo. Anayeogopa nyigu aliyepimwa kwa miaka, lakini haogopi chupa isiyo na lebo iliyonunuliwa gulioni, ameipima hatari kwa mizani isiyo sawa. Isitoshe, wengi wa walinzi tunaowazungumzia hawahitaji kuletwa na mtu. Tayari wako bustanini, kwenye ua la giligilani lililoachwa kuchanua na kwenye majani ya pembeni mwa shamba.

Kwa magonjwa, hoja yangu inahitaji kupunguzwa makali. Bakajani chelewa ya nyanya na viazi ikianza wakati wa mvua na ubaridi, hakuna kiumbe rafiki ninayeweza kumshauri mkulima amtegemee peke yake. Hapo mbegu yenye ukinzani, nafasi nzuri kati ya miche na viuakuvu vilivyopigwa kwa wakati bado vina kazi yake. Lakini chini ya ardhi hali ni tofauti. Kuvu wa jamii ya Trichoderma hukaa kwenye mizizi, huwanyang'anya chakula kuvu waletao kinyausi na mnyauko, na hata huwashambulia moja kwa moja. Kuvu mwingine, Purpureocillium lilacinum, huharibu mayai ya minyoo fundo inayovimbisha mizizi ya nyanya. Viumbe hao wanauzwa kwa paketi, na hapo ndipo kosa la bomba linapoweza kurudi kwa sura mpya: mkulima hununua Trichoderma, huimwaga kwenye udongo usio na mboji, juani, au pamoja na kiuakuvu kinachoiua, kisha husema haifanyi kazi. Kiumbe hai anataka mahali pa kuishi. Mboji, matandazo, mzunguko wa mazao na udongo usiochomwa moto ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwa nini basi somo lenye ushahidi wa miaka mingi halijaenea? Naamini sababu kubwa ni kwamba halina mwuzaji. Chupa ya dawa ina kiwanda, msambazaji, duka na tangazo la redio, na kila mmoja hupata riziki mkulima anaponunua. Nyigu aliyekwisha kuenea milimani hamwingizii mtu faida ya kuuza, kwa sababu hakuna anayeweza kumfungia kwenye chupa. Ndiyo maana kazi ya muhogo na ile ya Taita zilifanywa na taasisi za utafiti kwa fedha za umma. Na kwa kuwa mdudu hajui mpaka wa shamba, mkulima mmoja aliyeacha dawa kali katikati ya majirani wanaopiga kila Jumamosi ataona hasara, atarudi kwenye bomba, na atakuwa sahihi kwa upande wake. Uamuzi huu ni wa kikundi, wa skimu ya umwagiliaji, wa kijiji. Serikali inapompeleka bwana shamba au bibi shamba kuzungumza na mkulima mmoja mmoja, inatumia njia ileile inayofaa kuuza dawa.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo hayahitaji uvumbuzi mpya. Vikundi vya wakulima wa mboga vikubaliane kutopiga kiuawadudu kipana katika wiki za mwanzo za kabichi, na kutumia Bt kwanza pale viwavi wanapozidi. Kila mkulima ageuze majani na kuhesabu anachokiona, wabaya na wema, kabla ya kuchanganya chochote. Mamlaka za viuatilifu, kama TPHPA kwa Tanzania na PCPB kwa Kenya, zihakikishe kila lebo inamwambia mnunuzi kwa Kiswahili dawa hiyo inawafanya nini nyuki na nyigu. Serikali zetu zitenge fedha za kufuatilia nyigu ambao tayari tunao, maana kiumbe asiyehesabiwa hutoweka bila kujulikana. Na wewe mkulima unayesoma, leo kabla hujavaa bomba mgongoni, tafuta kwenye shamba lako vifukofuko vya nyigu na mbawakawa wenye madoa. Ukiwaona, iache dawa mpaka wiki ijayo, kisha rudi ukakague tena.